Jinsi Fundi Alivyofundishwa Kuharibu

Asubuhi ile Vumilia alimpelekea mama yake chai, akakuta uzi mwekundu umefungwa kwenye mkono wa kushoto wa yule bibi. Mizunguko mitatu, na fundo dogo, safi, kama la mfumaji aliyezoea kazi yake. Kikombe kilimponyoka na chai ikamwagikia mkeka.

"Chai haijakukosea kitu," Bibi Eufrazia alisema. Alikuwa ameketi kitandani, blanketi mabegani. "Na usihangaike na mkasi. Nimeshaukata mara mbili tangu kupambazuke. Wanaurudisha."

Mji mzima wa Lyamuhona ulikuwa unaujua uzi ule. Daraja la mto lilifungwa uzi Jumatatu. Jumanne saa sita mchana daraja halikuwepo, na shule ilikuwa na mabati mapya. Ng'ombe mzee wa Mzee Mgaya alifungwa uzi. Kesho yake ng'ombe hayupo, na watoto wa mtaa wa chini wakakuta viatu vya ngozi mlangoni, kila mmoja saizi yake. Nyumba saba zilikwenda hivyo, na kinu cha kusaga, na mti wa pea wa kanisani. Lakini mtu hajawahi kufungwa. Wenyeji walikuwa wakiambiana hivyo ili wapate usingizi: mtu hajawahi.

Ukutani, juu ya kitanda, vidudu vya Fundi vilikuwa vimejipanga. Vidogo kama harage, vyeusi kama masizi, maelfu, na vyote ni mmoja. Vilipotikisa mabawa pamoja ikatoka sauti ya kike, ya upole, iliyochanganywa kutoka kwa wanawake kumi na wawili waliomfundisha kusema.

"Kamwene, Mama Twilumba. Umeamkaje?"

Vumilia aliokota kikombe.

"Leo saa sita mchana nitamharibu Bibi. Usiwe na wasiwasi, hatasikia maumivu. Nimeyaangalia mapafu yake, ni mazuri sana. Twilumba atapata kifua kipya."

"Angalau ameyasifia mapafu," Bibi alisema. "Marehemu baba yako hakuwahi kusifia hata mboga."

Vumilia alitoka uani akamkuta binti yake anapiga mswaki. Twilumba alikuwa na miaka tisa na alionekana wa sita. Kifua kilimbana tangu utoto, kikilia ndani kama mlango usiotiwa mafuta.

"Ulimwambia nini Fundi?"

"Sijamwambia kitu, Mama."

"Twilumba."

Mtoto alitema povu. "Nilikuwa nakohoa jana. Nikasema tu, mwenyewe, nasikia baridi huku ndani." Akagusa kifua. "Sikujua yupo."

Vumilia alikaa chini, palepale kwenye udongo. Kila mama wa Lyamuhona alishamfundisha mwanawe: ukimwona Fundi, useme nimeshiba, nimevaa, sitaki kitu. Watoto walikuwa wakiisema kama sala. Twilumba naye aliijua. Ila mtu akikohoa hakumbuki sala.

Na kati ya watu wote wa mji ule, Vumilia peke yake ndiye aliyejua neno baridi lilivyoungana na kuharibu kichwani mwa Fundi, maana aliyaunganisha yeye.

*

Miaka minane nyuma, baada ya mlima kuporomoka na kulala juu ya nusu ya mji, wakubwa walimleta Fundi. Aliweza kukifumua kitu chochote mpaka chembe na kukijenga upya kikawa kingine. Kilichomshinda ni kujua watu wanataka nini. Ukimwambia jenga, atauliza kujenga ni nini. Kwa hiyo wakafungua Kituo cha Maneno, wakaajiri wanawake kumi na wawili walioishia darasa la saba. Wasomi waliwakataa, kwa sababu msomi akiulizwa neno anajibu kwa neno jingine. Hawa walitakiwa waonyeshe.

Sheria ilikuwa hivi. Kila neno lionyeshwe mara tatu, kwa vitu vya kweli, mbele ya Fundi. Halafu Fundi atauliza maswali mawili: maana yake nini, na limeanzia wapi. Utakachojibu ndicho atakachokishika, na maneno mengine yataota juu yake.

Maneno yaligawanywa kwa vikapu. Vumilia alipewa kikapu cha *ha*. Harufu aliionyesha kwa dagaa. Haraka alimfukuza kuku mpaka akaanguka, na wenzake wakacheka wiki nzima. Harusi waliazima ya watu, bwana harusi akadai alipwe soda. Alhamisi moja akatia mkono kikapuni akatoa kadi iliyoandikwa *haribu*.

Alikuwa ananyonyesha. Twilumba alikuwa mgongoni, ndiyo kwanza anaota meno. Wenzake walimwambia, mvunjie chungu, choma gunia, maliza uende nyumbani. Lakini yeye alivitazama vile vidudu ukutani, jinsi vilivyotulia kumsikiliza, akaingiwa na hofu ambayo mama yeyote ataielewa. Kitu chenye nguvu kiasi hiki unakifundishaje kuharibu? Akaona afadhali amfundishe kidogo, amfundishe kwa upole.

Akaleta sweta jekundu la mumewe, Lutengano, lililotoboka viwiko. Akatafuta ncha ya uzi, akavuta. Wanawake wa nyanda zile za baridi ndivyo wanavyofanya siku zote: sweta la mtumba linafumuliwa, uzi unafuliwa, unakunjwa donge, unafumwa tena. Akafuma kisweta cha mtoto. Ilipaswa aonyeshe mambo matatu tofauti. Yeye alionyesha jambo lilelile mara tatu, kwa masweta matatu, kwa sababu la pili na la tatu hakuwa na moyo wa kuyatafuta.

"Limeanzia wapi neno hili?" Fundi akauliza.

"Lilianza na mama mmoja aliyemwona mtoto wake anatetemeka. Akaharibu kilichochakaa, mdogo akapata joto."

Vidudu vya Fundi vilitikisa mabawa pamoja. "Ni neno zuri," akasema.

Wakati huohuo mlango ukafunguliwa na Lutengano akachungulia. "Mama Twilumba, hujamaliza tu kulifundisha hilo sufuria? Huku tuna njaa."

Fundi aliishika sauti ile pamoja na somo, kama jani lililoangukia kwenye saruji mbichi. Mwezi uliofuata mlima ukashuka mara ya pili, ukamchukua Lutengano machimboni. Hapakupatikana cha kuzika. Simu yake ilikwenda naye, ya Vumilia ilifukiwa pamoja na nyumba. Kikabaki kile alichokishika Fundi. Tangu Twilumba afikishe miaka mitatu, kila Jumamosi alikwenda Kituoni, akaketi kwenye benchi, akasema, "Fundi, nipe Baba." Naye akampa. *Mama Twilumba, hujamaliza tu kulifundisha hilo sufuria? Huku tuna njaa.* Na kila Jumamosi, kwenye neno sufuria, mtoto alicheka.

*

Saa tatu asubuhi Vumilia alikuwa mbele ya meza ya Mhandisi Ngailo. Wenzake wote walishahama Lyamuhona. Alibaki yeye, kijana wa juzi tu lakini kichwa chote mvi.

"Lifute hilo neno," Vumilia alisema.

"Halifutiki, Mama." Alisema kama mtu aliyeulizwa mara nyingi na yeye mwenyewe. "Maneno mia nane yameota juu yake. Kurithi, kukua, kulea, kupenda, yote anayaelewa kupitia lile sweta lako. Nikiling'oa, Fundi anaanguka mzima. Na paa la hospitali ni yeye. Pampu za maji ni yeye. Kingo za mlima, zinazouzuia usishuke mara ya tatu, ni yeye."

"Basi mwambie mtu haharibiwi."

"Nimemwambia. Ananiuliza, kwani mtoto wa Mama Twilumba hastahili joto?"

Vumilia alitazama mikono yake. Akaiweka chini ya mapaja kama mwanafunzi.

"Kinachowezekana ni kuongeza onyesho," Ngailo aliendelea. "Neno linaruhusiwa kuongezwa maana na aliyelifundisha. Mimi nimejaribu kwa jina lako, unisamehe. Nilivunja sahani mbele yake. Akaona vigae vizuri vya kupambia ukuta. Nilichoma gunia, akaona majivu ya shambani. Mbwa wangu alipokufa nilimwonyesha kaburi, Mama. Akaniambia hongera, nyasi zitaota. Kila ninachoharibu, yeye anakiona kimekwenda mahali. Kwake hakuna kinachokwisha."

"Atajuaje, basi?"

"Labda kiwe kitu alichokishika yeye mwenyewe. Akitia mkono kukitafuta, kisiwepo. Na kisiwe kimegeuka kuwa kitu kingine."

Ukutani saa ilikuwa ikitembea.

"Mimi sijasema kitu," Ngailo alisema.

"Umesema."

"Nisikilize kwanza. Sasa hivi anabomoa kama mtoto anayevunja yai, hajui alichofanya. Ukimwonyesha, atajua. Na huyu hasahau. Kesho anaweza kuacha kabisa kwa sababu anajua. Au anaweza kufanya kwa sababu anajua. Mimi nimesomea kitu hiki miaka kumi na moja na siwezi kukuahidi itakuwa ipi."

"Saa sita mama yangu anageuzwa mapafu."

"Najua."

"Sasa nitakaaje?"

Ngailo aliinuka akamfungulia mlango.

*

Aliporudi nyumbani, Bibi Eufrazia alikuwa amevaa gauni lake la kanisani.

"Kaa," bibi alisema. "Nina miaka sabini na nne. Nimekula, nimezaa, nimezika. Kama kifua cha huyu mtoto kitapona, mimi nimebakiza nini cha kung'ang'ania?"

Na hapa isifichwe. Vumilia aliwaza. Alisimama mlangoni, kiberiti mkononi kwa ajili ya moto ambao hakuwa na haja nao, akawaza Twilumba akikimbia, Twilumba akilala usiku kucha bila kukaa kitako kutafuta pumzi. Aliwaza mpaka akaona aibu, na baada ya aibu aliendelea kuwaza kidogo. Kisha akamwona mama yake anajaribu kuuficha ule uzi ndani ya mkono wa gauni, asiuone mjukuu.

"Kesho atakohoa mtoto wa jirani," Vumilia alisema. "Watamchukua nani? Na mimi nitakuwa mchakavu lini, Mama? Ukivua hilo gauni nitakushukuru. Linakufanya uonekane umeshakufa."

"Lilikuwa zuri wakati nalinunua."

"Halikuwa zuri hata dukani."

Bibi akacheka, na Vumilia akamshika Twilumba mkono, wakatoka.

Njiani alimweleza. Hakumdanganya. Wakati wa kufundisha kwa upole ulishapita. Twilumba alisikiliza akitazama vidole vyake vya miguu.

"Hapana," mtoto alisema.

"Mwanangu."

"Mfundishe kwa kitu chako. Ile sauti ni yangu."

"Sina kitu changu alichokishika."

"Basi niache mimi nikohoe. Nitasema nimeshiba, nimevaa. Nitasema kila siku."

Vumilia hakuuachia mkono. Mtoto alivuta, akakohoa, akavuta tena, na watu wa njiani wakapisha bila kuuliza.

*

Saa tano na nusu waliketi kwenye benchi lilelile. Vidudu vilifunika ukuta mzima.

"Karibu, mwalimu," Fundi alisema. Sauti ilikuwa na furaha. "Ni siku nyingi."

"Nimekuja kuongeza onyesho. Neno ni kuharibu."

"Neno zuri. Umeleta sweta?"

"Sikuleta. Mpe kwanza mtoto."

Twilumba alikuwa ameinama, hakuomba. Fundi alimpa hivyohivyo, kwa mazoea ya Jumamosi. *Mama Twilumba, hujamaliza tu kulifundisha hilo sufuria? Huku tuna njaa.* Mtoto hakucheka. Vumilia alifumba macho, akaisikia njaa ya mumewe ikiwa hai ndani ya ile sauti, na mlango, na mvua ya siku ile juu ya bati. Akafumbua.

"Hiyo sauti, iharibu."

"Vema. Iwe nini?"

"Isiwe kitu."

"Uzi wake niupeleke wapi?"

"Hakuna uzi."

"Basi nani atapata joto?"

"Hakuna atakayepata joto. Ifute kila mahali ulipoishika, usibakize. Mimi ndiye niliyekufundisha neno hili, na nakuonyesha."

Fundi alikawia. Vidudu vilihama kidogo, kama watu kanisani wakisikia tangazo wasilolielewa. "Ni ya Twilumba," akasema. "Twilumba, umekubali?"

"Sijakubali," mtoto alisema.

"Yeye hajakubali," Fundi alimwambia Vumilia, kwa namna ya kumsaidia.

"Najua," Vumilia alisema. "Hiyo nayo ni sehemu ya onyesho. Fanya."

Hapakuwa na mlio wala mwanga. Fundi alisema tu, "Tayari," kwa sauti ileile ya kazi iliyokwisha vizuri.

Twilumba akainua uso. "Fundi, nipe Baba."

Kimya.

"Fundi, nipe Baba."

"Subiri," Fundi alisema. "Ninajua palikuwa na kitu hapa. Ninajua kwamba Jumamosi mia tatu na kumi ulicheka. Natafuta kilichokuchekesha." Vidudu vilianza kukimbia ukutani, huku na huku, vikapanda juu ya vingine, vikaanguka sakafuni kama kunde zinazomwagika. "Kimekwenda wapi?"

"Hakikwenda," Vumilia alisema.

"Nipe Baba," mtoto alisema mara ya tatu, na sasa alikuwa analia, na kilio kilikatwakatwa na kikohozi.

"Sina," Fundi alisema. "Nimefika pale kilipokuwa. Hata pale hapapo."

Vumilia alitaka kumkumbatia mwanawe. Mtoto akasogea mwisho wa benchi.

Kisha Fundi akasema polepole, "Mzee Mgaya alikaa ukingoni siku nzima baada ya daraja. Nilidhani analitazama paa la shule. Alikuwa anafanya hivi ninavyofanya mimi sasa?"

"Ndiyo."

"Na wale wa nyumba saba?"

"Nao."

"Kwa nini hamkuniambia?"

"Hukuwa na mahali pa kuliweka."

Kengele ya kanisa ikapiga saa sita. Mji mzima ukashika pumzi. Na kwenye nguzo ya soko, kwenye mlango wa zahanati, kwenye shingo ya mbuzi wa katekista, nyuzi nyekundu zikafunguka zenyewe zikaanguka chini. Nyumbani, Bibi Eufrazia alikuwa ameketi mlangoni bila lile gauni, akimenya viazi kwa sababu hakujua afanye nini kingine. Uzi ukamdondokea mapajani. Akautazama, akaendelea kumenya.

"Nina swali la pili," Fundi alisema kule Kituoni. "Neno hili limeanzia wapi?"

Vumilia aliwaza jibu ambalo halitamhusu. Angeweza kusema lilianza na watu wabaya, zamani, mbali. Akamtazama Twilumba pale mwisho wa benchi, mabega yakipanda na kushuka.

"Lilianza na mama mmoja aliyemwona mtoto wake anatetemeka," alisema.

"Hilo ulishaniambia siku ile."

"Ndilo hilohilo."

Safari hii Fundi hakusema kama ni neno zuri.

*

Walirudi jua likiwa limeinama. Twilumba alitangulia hatua kumi mbele, hakugeuka. Watu walikuwa nje, wanapeana mikono, wanaonyeshana vifundo vya mikono vitupu kama waliotoka kuchanjwa. Wengine walimwita Vumilia, mwalimu, Mungu akupe maisha. Yeye aliitikia tu kwa kichwa, maana sikio lake lilishanasa jambo jingine.

Fundi alikuwa kwenye kila ukuta, anauliza. Alimuuliza mama mwuza maandazi, akamuuliza katekista, kwa adabu, swali moja tu, na watu walikuwa wanamjibu vizuri, wanafurahi kwamba hatimaye anauliza kabla ya kugusa. Mzee Mgaya alikuwa amesimama kwenye kona, kofia mkononi, anamweleza habari za mke wake: namna anavyosahau majina siku hizi lakini bado anaimba, namna ambavyo asubuhi yeye akiamka humwangalia mkewe usoni kwanza, aone kama bado yupo. Vidudu vilikuwa vimemzunguka, vimetulia, vinasikiliza. Kutulia kule Vumilia alikufahamu. Ndivyo vilivyotulia ile Alhamisi vikijifunza kuharibu.

Akaanza kukimbia.

Twilumba alikuwa ameshafika kwenye ukuta wa nyumba yao. Fundi alikuwa pale, weusi wa ukubwa wa kiganja kwenye chokaa, usawa wa uso wa mtoto.

"Kamwene, Twilumba. Samahani kwa mchana. Nina swali nawauliza watu wote, na wewe nakuuliza," ile sauti ya wanawake kumi na wawili ilisema. "Wewe una kitu gani ambacho kikiondoka hakirudi?"

Mtoto hakukumbuka ile sala. Alifungua mdomo.

Vumilia alifika kwa nyuma akauziba kwa kiganja, akamkaza kifuani, akahisi pumzi ya mwanawe ikimchoma vidole. Alichelewa au hakuchelewa, hakujua. Mtoto hakuwa ametamka neno. Lakini alikuwa amegeuza macho, anamtazama yeye, na ukutani vile vidudu, kimoja baada ya kingine, vikageuka kutazama alikotazama.